Vijiti Mia Tatu na Duara Moja

Kona yenyewe huwezi kuikosa. Ukuta wa shule ya msingi unakuja umenyooka kutoka barabarani, ukifika pale unakunja kuelekea mashine ya kusaga, na hapo unapokunja ndipo Bi Birika anapoweka jiko lake la mkaa, birika lenye mkono uliofungwa waya na ndoo ya kuoshea vikombe. Mbele ya jiko kuna benchi refu la miguu minne, mitatu ya mbao na mmoja wa chuma cha baiskeli, na juu ya benchi, tangu asubuhi mpaka kengele ya mchana, kuna watu watatu wasiokosekana. Wa kwanza ni Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na tisa, akibeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile, na anaamini sheria ilimwingia kupitia kwapani. Wa pili ni Fundi Spoku, mtengeneza baiskeli, ambaye huwezi kumkuta amesimama ila baiskeli ya mteja ikiwa imeanguka. Wa tatu ni Mama Taarifa, muuza sabuni za vipande. Habari ikimfikia ikiwa na mguu mmoja, ikiondoka kwake ina minne na mkia juu. Bi Birika mwenyewe hakai kwenye benchi. Ana kigoda chake, mgongo ukutani, na miaka kumi na moja ya jua la asubuhi imemfubazia kila gauni bega la kushoto. Sifa yake kubwa, anayoipenda kuliko hata kahawa yake, ni kwamba hamuulizi mteja kitu. Anamtazama usoni mara moja, basi: huyu sukari mbili, huyu chungu, huyu kagombana na mkewe, mpe na tangawizi.

Jumatatu, saa ya mapumziko, mjukuu wake alitoka getini mbio akamwachia barua mapajani. Mjukuu huyo anaitwa Kidoti kwa sababu ya alama aliyo nayo shavuni, na anasoma darasa la nne, darasa lililo nyuma ya ukuta huo huo. Bibi yake amemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, mama mtu yuko mbali kikazi. Akiwa pale kwenye kigoda Bi Birika husikia darasa zima likiimba jedwali la saba, na ingawa yeye shule aliiacha darasa la tatu, jedwali la saba sasa analijua mpaka mwisho. Hajamwambia mtu.

Alianza kuisoma barua. Kusoma anajua, ila pole pole, na kwenye benchi lile mtu wa pole pole hunyang'anywa. Wakili alishaichukua, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ya mahakamani. Mlezi wa mwanafunzi unaombwa kufika darasa la nne siku ya Ijumaa saa tano asubuhi bila kukosa. Tafadhali njoo na cha kukalia. Chini, sahihi ya mwalimu mkuu.

Wakili aliikunja barua mara mbili, kisha ya tatu.

— Hii ni hati ya wito, alisema. Nimezibeba za namna hii maelfu. "Bila kukosa" ni neno la kisheria.

— Hicho cha kukalia ndicho kibaya, alisema Fundi Spoku. Mtu akiitwa dakika tano anasimama. Akiambiwa abebe na kiti, maneno yake ni ya kutwa.

Mama Taarifa hakuwa na habari yoyote kuhusu barua hiyo, jambo lililomuuma, kwa hiyo akatoa iliyokuwepo karibu. Alisema mwalimu mkuu mpya, aliyekuja muhula huu na kuingilia lango kubwa la mbele ambako watu wa kona hawafiki, ni mwanamume mrefu mwenye sharubu, amewahi kuwa askari, na harufu ya kahawa inampandisha presha.

Hapo bado walikuwa wanacheka. Kicheko kilikatika pale Kidoti aliporudi na wenzake wawili, mmoja mwenye miwani na mmoja mwenye viatu vikubwa kumzidi. Walikuja na kamba ya kupimia. Walisema shikamoo, wakalipima benchi urefu, wakalipima upana, wakahesabu miguu yake, wakaandika. Kisha wakakaa kwenye ukingo wa mfereji, hatua sita kutoka jiko, daftari magotini, na kila baada ya muda mfupi wakawa wanachora kitu kidogo. Kengele ilipolia wakainuka wakaenda zao.

Wakili aliwasindikiza kwa macho mpaka getini.

— Wanapima eneo, alisema Wakili kwa sauti ya chini. Shule inataka kona yake. Bi Birika, hapa umekaa miaka kumi na moja bila karatasi. Pole.

Bi Birika aliendelea kuosha kikombe kilichokuwa safi. Kuna watu wakiambiwa jambo la kutisha hupiga kelele. Yeye huosha vikombe. Kona ile ndiyo iliyomnunulia Kidoti sare, na ndipo anapoisikia sauti ya mtoto huyo asubuhi nzima, na hakuna kona nyingine duniani yenye mambo hayo mawili pamoja.

Jumanne wasichana watatu walikuwepo tena mferejini, na daftari lao. Siku hiyo alikuja mteja mgeni, mama mmoja wa makamo mwenye viatu vya kahawia vilivyopakwa rangi vizuri na mkoba wa begani. Alisimama mbele ya benchi akasema:

— Samahani, hapa pana mtu?

Hakujibiwa. Si kwa ubaya. Wakili alikuwa katikati ya sentensi, na sentensi za Wakili zina vituo vichache. Fundi Spoku alisogeza makalio, mama akapata nusu ya nafasi. Bi Birika alimtazama usoni mara moja, akaona macho ya mtu aliyechoka na midomo ya mtu aliyefiwa, akamtilia sukari mbili zilizojaa.

Wakili alikuwa anaeleza kwamba shule ikishachukua kona italazimika kujenga haraka, la sivyo kona inarudi kwa mwenyewe. Fundi Spoku alisema itajenga bwawa la kuogelea, maana ile kamba aliiona kwa macho yake, na vipimo vile ni vya maji. Mama Taarifa akasema bwawa ni kwa wageni kutazama tu, kitakachowekwa hasa ni mashine ya kahawa, unabonyeza kitufe inatapika kikombe, na shemeji yake mwalimu mkuu ndiye mwenye kuileta. Shemeji huyo alikuwa hajazaliwa dakika mbili zilizopita, lakini sasa alikuwa na gari na meno mawili ya dhahabu.

— Kuhusu huo ukuta, alianza yule mama mgeni.

— Mama, kunywa kwanza, alisema Wakili. Hili jambo lina historia.

Baadaye kidogo mama alijaribu tena. Alimgeukia Bi Birika, akasema alitaka kumwona kwa jambo dogo, lakini Mama Taarifa alikuwa amefika kwenye sharubu za mwalimu mkuu, na sharubu hizo kila siku zilikuwa zinaongezeka urefu. Mara ya tatu mama alifungua tu mdomo. Kisha kengele ikalia, akatazama saa, akaweka kikombe chini kikiwa nusu, akashukuru, akaondoka.

Bi Birika alikitazama kikombe kile kwa muda. Hakuna mtu anayeacha kahawa yake. Alijiambia ni msiba huo, msiba huondoa hamu.

Jumatano Mama Taarifa alikuja mapema, jasho linamtoka, sabuni hata hajazipanga. Alikuwa na habari ya kweli, na habari ya kweli humchosha kwa sababu hajazoea. Mzee wa mashine ya kusaga naye amepata barua. Ijumaa, saa tano, bila kukosa, aje na cha kukalia. Ana mjukuu darasa la nne. Na kibanda cha mashine, kama kila mtu ajuavyo, ubavu wake mmoja umeegemea ukuta wa shule.

— Basi kesi imekwisha, alisema Wakili. Wote wanaogusa ukuta wanaondolewa kwa mkupuo mmoja. Mimi hapo ningeomba siku tisini.

— Siku tisini za kufanyia nini, alinung'unika Fundi Spoku, na kwa kuwa hakungoja jibu, halikuwa swali. Mwambie mwalimu mkuu asaini mwaka mzima.

Hapo, wasichana watatu wakiwa tena mferejini, ndipo kahawa ilipoungua. Kwa mara ya kwanza tangu jiko lile liwekwe pale, harufu ilibadilika, na Bi Birika aliposhtuka akalinyanyua birika kwa pupa, kikombe kimoja kikapinduka juu ya mguu wa chuma. Watatu wale wakanywa ile chungu ya kuungua bila kukunja uso. Ndivyo wanavyopenda watu wale: midomo mirefu, lakini waliimaliza mpaka mashapo ya chini.

Mchana, baada ya kufunga, Bi Birika alitembea kutafuta kona nyingine. Alifika karibu na gereji, akasimama. Kahawa pale ingenuka oili. Akaenda penye mafundi viatu, wakamsogezea nafasi ya kutosha birika bila mwenye birika. Mahali pa tatu palikuwa pazuri, kivuli, watu wengi, lakini alisimama pale akatega sikio, na hakusikia mtoto yeyote akiimba jedwali la saba. Akarudi nyumbani.

Jioni alimsuka Kidoti barazani. Alishika mchanuo, akagawa nywele, na swali likamjia: mnapima nini pale kwangu. Lilikuwa swali dogo, maneno manne matano. Lakini mtu akishauliza hujibiwa, na alikuwa hataki jibu hilo litoke kinywani mwa mtoto huyu.

— Tulia kichwa, alisema.

— Bibi, Ijumaa utakuja?

— Nitakuja.

Kidoti alitabasamu. Bi Birika akaona lile tabasamu ni la huruma, na akakaza msuko mpaka mtoto akalalamika.

Alhamisi akili za benchi zilikuwa zimevuka mpaka. Mtu akikaa siku tatu anawaza jambo lile lile, bwawa halimtoshi tena. Fundi Spoku alifika akiwa na koleo, jambo lililotisha kidogo kwa sababu ilimaanisha amekusudia kusimama. Alisema hakulala akifikiri. Shule hiyo, zamani za ujana wake, ilikuwa na kengele ya shaba, kubwa kama sufuria ya harusi, ikapotea wakati wa likizo, wakaanza kugonga kipande cha reli. Haikuonekana tena. Na hao watoto hawapimi kona, wanapima benchi. Wanapima benchi kwa sababu kuna kitu chini ya benchi.

— Shaba, alisema. Mwalimu mkuu ameona kwenye vitabu vya zamani. Anawaondoa watu ili aichimbe peke yake.

Wakili alisema mali iliyozikwa ni ya aliyeikalia, na kama kuna watu wameikalia basi ni wao, makalio yao ni ushahidi. Mama Taarifa alisema binamu yake aliwahi kuisikia ikilia chini kwa chini, siku za mvua. Hata Bi Birika, ambaye kwa kawaida haya mambo huyasikiliza kwa sikio moja la kucheka, alijikuta anasogeza ndoo. Maana kama kengele ipo, akaikabidhi mwenyewe Ijumaa mbele ya darasa, atakayemfukuza atakuwa na uso wa namna gani.

Walisogeza benchi, wakachimba. Fundi Spoku alichimba mpaka magotini, Wakili akiongoza kwa kidole, Mama Taarifa akiwazuia wapita njia kwa kuwaeleza kila kitu. Mferejini wale wasichana watatu walikuwa wameacha kuandika, midomo wazi. Koleo liligonga chuma. Wote wanne waliinama vichwa vikagongana.

Ilikuwa spana namba kumi na saba, ile ambayo Fundi Spoku alimtuhumu shemeji yake kuiiba miaka mitatu iliyopita, wakaacha kusalimiana.

Aliipangusa kwa shati. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaitia mfukoni, akaanza kufukia shimo, na siku hiyo hakusema neno lingine. Mwisho wa juma shemeji alipelekewa mkungu wa ndizi bila maelezo, lakini hayo ni ya nyumba nyingine.

Ijumaa Bi Birika alivaa gauni jipya, lile ambalo bega lake la kushoto lilikuwa bado na rangi yake. Alipika kahawa birika zima, akaliweka kwenye kapu na vikombe, kwa sababu alisema kama ni kuaga ataaga kwa kazi yake. Kigoda chake aliona aibu kukibeba, kilikuwa na ufa. Wakili akasema barua imetaka cha kukalia, haikutaja idadi ya wakaaji. Basi wakalibeba benchi. Wakili mbele, Fundi Spoku nyuma, Mama Taarifa ubavuni kama shahidi, Bi Birika na kapu lake akifuata. Watu wa barabarani walipoona benchi limebebwa na nyuso zilivyo, waliwapisha njia, na mzee mmoja alivua kofia.

Walizunguka mpaka lango kubwa la mbele, wakavuka uwanja, wakaingia darasa la nne. Mlangoni Wakili alipinda vibaya, mguu wa chuma ukachota kipande cha rangi ya ukuta. Mzee wa mashine ya kusaga alikuwa ameshakaa juu ya debe lake, na mbele yake msichana mmoja alikuwa anamsomea kutoka kwenye karatasi kubwa kwamba Jumanne amesaga madebe arobaini na moja, na kwamba mkanda wa mashine umefungwa mafundo mawili. Mzee alikuwa anacheka peke yake, anapigapiga paja, anasema ni kweli, ni mawili. Hakufanana na mtu anayefukuzwa.

Bi Birika aliketi katikati ya benchi lake mwenyewe, ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kulikalia. Aliliona ni gumu.

Ikaja zamu ya Kidoti. Alisimama na wenzake wawili chini ya karatasi yao, akashika fimbo ya kuonyeshea. Alieleza kwamba wiki hii darasa la nne lilitoka kujifunza mtaani. Kila kundi lilipewa mahali pa kutazama, kupima na kuhesabu vitu kila saa ya mapumziko, na kundi lao lilipewa kijiwe cha kahawa. Kisha akasoma, sauti ikitetemeka mwanzoni halafu ikakaza. Urefu wa benchi ni mita mbili na sentimita kumi. Miguu ni minne na haifanani. Vikombe alivyomimina bibi ni sabini na sita. Kilichomwagika ni kimoja, Jumatano. Alhamisi watu wazima walichimba shimo na kulifukia, sababu haikujulikana.

Darasa lilicheka. Fundi Spoku alitazama dari.

— Pia tulihesabu mazungumzo, alisema Kidoti. Mtu akisema jambo, tulichora kijiti. Mtu akiuliza swali, tulichora duara.

Alionyesha kwa fimbo. Karatasi yote ilikuwa imejaa vijiti, safu juu ya safu, kama mvua imepigwa picha. Katikati, siku ya Jumanne, palikuwa na kiduara kimoja kimepakwa rangi nyekundu.

— Vijiti ni mia tatu na kumi na viwili. Duara ni moja. Kuna mama aliuliza kama kwenye benchi pana mtu. Hakujibiwa.

Wakili alinyanyuka akasema anapinga, hesabu hiyo haikuzingatia muktadha, na maneno mengine aliyoyaokota mahakamani alikotumikia. Alipomaliza, msichana mwenye miwani aliongeza kijiti. Vikawa mia tatu na kumi na vitatu.

Bi Birika hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama mjukuu wake.

— Kidoti. Wiki nzima, hukuniambia.

— Tuliambiwa tusiwakatishe watu. Ila mtu akituuliza tunafanya nini, tumweleze yote. Kidoti aliinamisha kichwa. Nilikuwa nangoja uniulize, bibi.

Hapo nyuma ya darasa mtu alisimama akaja mbele. Alikuwa mama wa makamo. Bi Birika aliviona viatu vya kahawia kwanza, kisha mkoba, kisha yale macho, na ghafla akagundua kwamba haukuwa uso wa msiba. Ulikuwa uso wa mtu anayeongoza shule na kufundisha darasa la nne kwa wakati mmoja.

— Mimi ndiye mwalimu mkuu, alisema.

Mama Taarifa alimtazama mdomoni, akazitafuta zile sharubu, hakuziona. Kwa muda mfupi alionekana kama mtu aliyeibiwa.

Mwalimu mkuu aliwashukuru wageni. Aliomba radhi kwa habari ya viti. Madawati ya darasani ni ya watoto, na aliambiwa kwamba muhula uliopita baba mmoja alinasa mpaka wakaitwa watu wa kumchomoa. Kisha akamgeukia Bi Birika peke yake, akashusha sauti. Alisema ukuta una ufa pale kwenye kona, na mwezi ujao utabomolewa.

Watatu wa benchi walijaza vifua kwa pamoja. Walishasema. Wakili alikuwa tayari anatafuta zile siku tisini mfukoni. Bi Birika yeye alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

— Tutaweka lango dogo hapo, aliendelea mwalimu, watoto wa upande wa mashine wasizunguke barabarani. Utabaki hapo hapo, usiwe na wasiwasi. Ila nilitaka kujua unapenda nikuachie nafasi upande gani wa lango, kulia au kushoto. Nilikuja Jumanne kukuuliza.

Vidole vya Bi Birika viliachia benchi kimoja kimoja. Miaka kumi na moja watu walikuwa wamemwambia mengi pale: hapa keti, hapa usiketi, sogeza jiko, punguza moshi. Hili la kutaka kujua anapenda nini lilimkuta hana jibu lililoandaliwa.

Wenzake hawakuwa na shida hiyo. Wakili alisema kulia, upande wa kulia ndio wa mwenye haki. Fundi Spoku, aliyerudiwa na sauti, alisema kushoto, baiskeli zinaegemea vizuri. Mama Taarifa alisema katikati ya lango kabisa, watoto watamruka. Walipandishana mpaka darasa likawa kijiwe, na wasichana watatu wakawa wanachora kwa zamu.

Mwalimu alingoja wapumue.

— Ninyi mko pale kila siku, alisema. Asubuhi kivuli kinaangukia upande gani?

Wakili alivua miwani akaifuta. Fundi Spoku aliangalia mikono yake, kushoto, kulia. Mama Taarifa, aliyekuwa anajua idadi ya meno ya dhahabu ya shemeji asiyekuwepo, hakujua. Walikuwa wamekaa pale miaka, wakaona bwawa, mashine ya kahawa na kengele ya shaba ardhini, na jua linapochomoza hakuna aliyewahi kuligeukia. Watoto arobaini waliwatazama wakingoja. Walikuwa wakingoja kwa heshima kabisa, na hilo ndilo lililouma.

Bi Birika alikuwa ameshika bega lake la kushoto. Gauni lilikuwa jipya, lakini bega lilikumbuka.

— Hiyo nguzo ya lango, alisema taratibu, itakuwa na kimo gani?

Msichana mwenye viatu vikubwa alimtazama mwenzake, akashika kalamu nyekundu.

— Itampita Wakili, alisema mwalimu.

— Basi niweke kulia, nikikaa nguzo iwe begani hapa. Jua la saa mbili lipigane nayo.

Mwalimu aliandika kwenye kidaftari chake, na mambo yakaisha hivyo, kwa maneno machache kuliko ambayo Wakili hutumia kuomba kijiko. Wakili alisema ndivyo alivyosema, kulia. Hakuna aliyembishia, maana Bi Birika alikuwa amefunua kapu na harufu ilikuwa imeshaingia darasani. Aliwamiminia wenzake, akammiminia mzee wa mashine akiwa juu ya debe lake. Alipofika kwa mwalimu mkuu alimtazama usoni mara moja, kama ilivyo kawaida yake, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la sukari. Ukasimama juu ya kopo. Akakumbuka kile kikombe cha Jumanne kilichobaki nusu.

— Mwalimu, alisema, na neno lilimtoka kwa tabu kidogo, kama kiatu kipya. Sukari unatia?

— Sitii, alisema mwalimu. Asante kwa kuuliza.

Kidoti aligeukia karatasi yake ukutani, akapanda juu ya dawati, akatafuta nafasi kati ya vijiti, akachora duara kwa uangalifu, likatoka mviringo kabisa. Kabla hajalipaka rangi, Wakili alikuwa ameshaanza kumweleza mzee wa mashine kwa nini watu wenye vyeo hawatii sukari, jambo linaloanzia kwenye ini, na Mama Taarifa akasema si ini, ni nadhiri, amemsikia mtu. Mtoto alishusha pumzi, akaweka kalamu nyekundu chini, akachukua ile ya vijiti.